Kitambaa cha Mama Hakina Hatia

Mtaa wa Tena,
Nairobi.
21 Februari 1999

Mpendwa kaka Mativo,

Pokea salamu zetu sote. Baridi ya Aberdeen inakutendaje? Kile kikohozi cha Krismasi kimepona? Huku tu wazima, ila jua linatuchoma hata ndani ya nyumba, na goti la Mama linamsumbua kidogo. Mimi mwili hauna neno, lakini nimekasirika, na kwa kuwa uko mbali itabidi uzisome tu hasira zangu.

Kompyuta uliyotutumia imekufa. Unajua ilivyonifaa: kadi za harusi na programu za mazishi za mtaa huu nilizichapa mimi. Mwaka mzima haikunisumbua. Kisha ukampigia Muoki simu, ukamfundisha jinsi ya kuilazimisha prosesa, ule ubongo wake, ikimbie kuliko ilivyoundwa. Ndugu yetu naye, unamjua. Alifungua mashine, akahamisha vile vidude vidogo ulivyomweleza, akaniita: "Siste, kuja ucheki vile inatimka!"

Kweli ilitimka. Wiki ya kwanza nilimsifu. Ya pili ikaanza kuganda katikati ya kazi, na ubavu wake ukawa moto hata huwezi kuweka kiganja. Nikamsihi Muoki airudishe ilivyokuwa. Akacheka, akasema wewe yako unaiendesha hivyo hivyo. Yako iko Aberdeen, kaka! Kwa jua hili na vumbi hili, kifeni kile kingeweza nini? Jumatano ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, ikazima. Fundi anasema prosesa imeungua pamoja na ubao wake. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hilo ningelimeza. Lakini unakumbuka kile kitambaa cha manjano Mama alichoifumia kompyuta, chenye jina lako? Kila Jumamosi alikifua, akakinyoosha juu yake polepole, kama anayekulaza wewe. Sasa Muoki, badala ya kukubali kosa, akamgeukia: "Mama, ni hiyo kitambaa yako imeinyima hewa."

Kesho yake Mama alivitoa vitambaa vyote, vya televisheni, vya redio, vya makochi, akavifungia sandukuni. Nyumba imebaki kama ya watu wanaohama. Jirani yetu Asenath alipomletea uzi, Mama alimwambia mikono yake imeharibu mali ya mtoto wake, hafumi tena. Nililia jikoni kwa uchungu. Kitambaa kilikaa juu ya mashine mwaka mzima, mbona hakikuiunguza?

Usitume prosesa nyingine. Mwandikie Mama kwa mkono wako, umwambie ni nyinyi wawili mlioiunguza. Kisha umwombe akufumie kitambaa cha kompyuta yako ya huko. Na uirudishe kwenye mwendo wake kwanza, maana utaifunika nacho.

Mjomba Muthama na Asenath wanakusalimu. Muoki pia, ingawa sijamwuliza. Mama, ambaye siku zote hunitajia salamu zake neno kwa neno, leo amesema tu nikwambie pole.

Mungu akulinde, na akupunguzie haraka.

Dada yako akupendaye hata akikasirika,
Ndinda