Siku Niliyoipa Kamati Mgongo

Ibra, Sharqiya
Msimu wa tende

Kwa dada yangu Zuwena,

Shikamoo. Usiitikie sasa hivi. Ngoja umalize kusoma, halafu ukiona bado nastahiki marahaba, iseme huko huko Malindi, nami nitahesabu kuwa imefika. Hapa sote wazima. Wifi yako Salma ana kikohozi cha vumbi lakini hakijamzuia kusema. Goti lako je? Na lile bati la jikoni lililokuwa likivuja, fundi amerudi au bado anakuahidi? Na mwanao Fatma, ameshamaliza masomo yake ya ualimu?

Kaseti yako imefika. Aliileta yule mpwa wa Salma aliyetoka Unguja juzi, umeifunga ndani ya khanga pamoja na visheti. Visheti nimevila vyote. Kaseti sikuisikia.

Usikasirike, sikusema sikuisikiliza. Niliitia kwenye redio, nikaweka kiganja juu ya spika, nikakuhisi unavyotetemeka mle ndani. Salma akakaa mbele yangu akawa anayakariri maneno yako kwa midomo, moja moja. Alipofika mahali akanyamaza, lakini mkono wangu ulikuwa bado unatetemeka, nikajua anakuruka. Nikamwambia, "Mrejeshe dada yangu, usimkate." Akaona haya, akairudisha kaseti nyuma, akanambia ulivyosema: ati Nassor kavimba kichwa, Nassor kapata nyumba ya saruji hataki tena kuja kwenye simu, kila ukipiga waambiwa yuko msikitini. "Msikiti gani huo usio na mlango wa kutokea?" Hapo nilicheka mpaka Salma akanipiga kofi la bega. Msikiti haukuwepo, dada. Siku zote hizo nilikuwa nimekaa kwenye kochi, hatua tatu kutoka kwenye simu, namtazama mke wangu anavyosema uongo kwa ajili yangu.

Mimi ni kiziwi. Sikio la kushoto lilikufa katika milima ya kusini wakati wa vita, la kulia likalifuata pole pole. Nilikuficha kwa sababu ya Mama. Aliponiandikia nisiingie jeshini, nilimjibu kwa kiburi cha ujana kuwa nitatoka mzima kama nilivyoingia, na sikutaka afe akijua nilimdanganya. Alipokufa, nikaona aibu kuanza upya. Sasa aibu imekwisha, utaona kwa nini.

Jeshini nilikuwa mtu wa mzinga. Kazi yangu kutia kombora, kurudi hatua mbili, kuziba masikio kwa vidole. Wenzangu walitia pamba kabla. Mimi nilikuwa katika wale wapumbavu waliojivunia kutotia, na kwa hilo simlaumu mtu.

Hapa serikali ina haki maalumu kwa askari wastaafu walioumia kazini. Unapimwa na kamati ya madaktari na wakubwa wa jeshi, wanakupa daraja ya ulemavu, na kwa daraja hiyo pensheni yako inaongezwa, wewe na mkeo mnatibiwa hospitali ya jeshi, unapewa vifaa, na nyumba inarekebishwa ikufae. Rafiki yangu aliyepoteza mguu anayo kadi yake tangu zamani. Mimi nilichelewa, kwani mguu usiokuwepo kila mtu anauona, lakini masikio yangu yako pale pale kichwani, tena makubwa, kama unavyoyajua. Nakueleza hivi ili ufahamu kuwa sikwenda kuomba.

Kamati ilikaa Nizwa. Mwanangu Said aliomba ruhusa shuleni anakofundisha, akatuendesha mimi na Salma kwa njia ya Sinaw na Izki. Chumbani walikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni mzee wa cheo kikubwa mwenye masharubu yaliyofunika mdomo wote wa juu, karani, na daktari kijana. Walinivisha vile vidude vya masikioni, wakaniandikia kwenye karatasi nibonyeze kitufe nikisikia mlio. Sikubonyeza kitu. Nilikaa pale na kidole juu kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka.

Kisha yule daktari akafungua faili, akaona nimezaliwa Unguja. Akaniinamia, uso kwa uso, akatabasamu.

"Babu, mama yangu pia katoka Unguja. Nyumba yenu ilikuwa iko wapi?"

"Malindi," nikamjibu, "nyuma ya tanuri la mikate. Wewe mama yako nani?"

Wallahi, dada, nilifurahi! Miaka na miaka mtu nisiyemjua hajasema nami Kiswahili, tena taratibu, midomo wazi. Nikaendelea kumhadithia habari za mtaa, na wala sikuona kuwa mwenyekiti ameitazama karatasi ya mashine, akanitazama mimi, akaandika neno.

Baada ya wiki kadhaa ikaja barua. Said alinisomea kwa midomo, na yeye pia akaruka neno, maana mama yake kamfundisha. Nikamnyang'anya, Kiarabu cha kuandikwa nakisoma vizuri kuliko yeye. Ombi limekataliwa. Na neno lenyewe lilikuwa mutamarid, yaani mtu anayejifanya mgonjwa akwepe kazi. Jeshini neno hilo tulikuwa tukiwaitia wale waliojilaza hemani wenzao wakibeba makombora. Mimi, Zuwena! Niliyebeba yangu na ya wale!

Nilikwenda ofisini hapa Ibra na barua mkononi. Karani wa pale alinionea huruma, akanisogezea fomu nyingine, akaniandikia pembeni: Ya Hajj, jaza hii, ni ya msaada wa wasiojiweza, hawapimi masikio. Nikamrudishia. Nikamwambia hiyo ni ya mtu asiye na pa kushika, msimpunguzie yeye kwa kunipa mimi. Mimi nina haki yangu, na nitaidai kwa jina lake.

Nyumbani Said akanikalia kikao. "Baba, khalas. Sisi tunafanya kazi, utakosa nini? Iache."

"Silii njaa," nikamwambia. "Wewe una watoto. Siku moja mmoja wao atafungua faili la babu yake, asome nini?"

Nikachukua kalamu, nikaandika barua ya malalamiko mwenyewe, mara tatu, mpaka nikaridhika na ukali wake. Salma alitaka kuutia sukari, nikamkatalia.

Wakaniita tena Nizwa, na Salma na Said wakaingia nami. Watu wale wale, na mlangoni mzee mmoja wa kuleta chai, askari mstaafu kama mimi. Nikawaeleza. Nikasema nyumbani kwetu baba alikuwa mwokaji mikate, anaoka usiku analala mchana, na Mama alikuwa na mwiko mkononi kwa atakayemwamsha. Tulikuwa watoto sita kwenye vyumba viwili. Tukajifunza kuzungumza kwa midomo mitupu bila sauti, tukasimuliana hadithi hivyo, tukagombana hivyo, na fundi wetu alikuwa dada yangu Zuwena. Ndiyo, nilikutaja kwa jina mbele ya mkuu wa jeshi, na karani akakuandika. Nikasema Kiswahili ninakiona mtu akikisema. Kiarabu nilijifunza ukubwani, kwa masikio, wakati bado ninayo, na herufi zake nyingi ziko kooni, hazionekani mdomoni. Nikamtazama mwenyekiti nikaongeza, "Na nyingine ziko chini ya masharubu."

Salma alifumba macho. Daktari kijana alikuwa ameinamisha kichwa, masikio mekundu. Mwenyekiti akatikisa mkono, ishara ya mtu anayesikia hadithi nzuri asiyoiamini.

Basi nikasimama, nikakinyanyua kiti changu, nikakigeuza kuelekea ukutani, nikakaa. Nikawapa mgongo, kamati nzima. Wewe huijui nchi hii, dada. Hapa mbele ya watu wazima hata unyayo wako huuonyeshi, sembuse mgongo, sembuse kwa mtu wa cheo kile. Said alinikimbilia, akanishika bega, nikauona mdomo wake unasema, "Baba, aib!" Nikamwondoa mkono.

"Semeni mnalotaka," nikawaambia ule ukuta. "Kwa lugha yoyote. Nikigeuka, niandikeni muongo, na mimi nitatia sahihi."

Ukutani palikuwa na kalenda, na msumari mmoja usio na picha. Nikaitazama kalenda. Nikahesabu Ijumaa. Mara moja sakafu ikatikisika chini ya miguu yangu, nikadhani wamefunga mlango kwa hasira wameniacha. Nusura nigeuke, sikufichi. Nikafikiri, nikigeuka sasa kuhakikisha, watasema nimesikia. Nikabaki na msumari wangu.

Yaliyotokea nyuma yangu nimeyapata kwa Salma, tulipokaa Izki kunywa chai, na alinihadithia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alicheka hata midomo yake haikusomeka. Alianza daktari, kwa Kiswahili: "Babu, nyumba inaungua!" Mimi kimya. Akasema, "Babu, pensheni yako imeshatoka!" Mimi kimya. Hapo mwenyekiti akainuka, akavuta pumzi, akatoa amri ya gwaride, ile ambayo kila askari wa nchi hii huitii kabla akili haijaamka: "Istaid!"

Salma anasema madirisha yalilia. Yule mzee wa chai aliruka akasimama wima, visigino pamoja, mikono ubavuni, na sinia lote la vikombe chini. Ndiyo ile sakafu iliyotikisika. Karani alisimama. Hata Said, ambaye hajavaa buti la jeshi siku moja katika maisha yake, alisimama! Mimi niliyezitii amri zile miaka yote ya ujana wangu, nimekaa nimelegea kama gunia, nahesabu Ijumaa.

Nilichoona mimi ni mwenyekiti akija mbele yangu, kati ya kiti na ukuta. Akainama. Akayashika masharubu yake kwa vidole viwili, akayainua juu kama mtu anayefunua pazia, ili niuone mdomo, akasema taratibu: "Samihni." Nikamwambia nimemsamehe.

Akarudi mezani, akaniletea karatasi mpya ya uamuzi, tayari kwa sahihi. Nikakataa kuondoka kwenye kiti. Nikasema neno lile litoke kwanza. Karani akaniandikia kuwa karatasi ya faili haifutwi, mpya huwekwa juu yake. Nikamwambia mimi pia sifutiki, na kiti ni kizuri, nitakaa. Salma anasema karani alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akaiomba kalamu. Akaja na faili, akalikata neno lile mstari mmoja, mbele ya macho yangu, akatia sahihi pembeni. Ndipo nikasimama, nikampa mkono. Tukitoka, yule mzee wa chai alikuwa anaokota vigae, nikainama nikamsaidia. Daktari kijana alitufuata mpaka kwenye gari, akanibusu kichwa, akasema, "Babu, mimi nilitaka kukufurahisha tu." Nikamwambia alinifurahisha kweli.

Basi kadi ninayo, Salma anatibiwa kikohozi chake kwa hiyo, na mafundi wamekuja kututilia taa sebuleni inayowaka mtu akibonyeza kengele ya mlango. Watoto wa jirani wameigundua, siku nzima inawaka na kuzimika. Na nimepewa kifaa cha masikio. Hapa nilikuwa na tamaa yangu, sitakuficha. Nilisema siku nitakayokivaa, Salma atapiga namba yako na mimi ndiye nitakayesema halo.

Nilikivaa. Nikasikia friji. Nikasikia vijiko vya Salma, na adhana, lakini adhana ilikuwa mvumo tu, haina maneno. Fundi wa hospitali akaniandikia kuwa mshipa wa kusikia umekufa, kifaa kinaleta kelele, hakileti maneno. Nikalia kidogo ndani ya gari. Kisha nikakivaa tena na nakivaa kila siku, ni haki yangu na inakaa vizuri sikioni. Ila simu haitawezekana, dada, si sasa wala baadaye. Sauti yako nimebaki nayo ile ya miaka ile, na hata hiyo sina hakika nayo.

Kwa hiyo utakuja wewe. Usiniambie goti, gari ya Said itakufuata mpaka kwenye ngazi za ndege. Njoo na Fatma akushike mkono. Msalimie shemeji yangu, mumeo, mwambie mdomo wake niliusoma siku ya harusi yenu alipokuwa anasema nimevaa koti la kuazima, na lilikuwa la kuazima kweli. Msalimie shangazi yetu Bi Mwanaidi aliyetulea wakati Mama anaumwa, na jirani yako Bi Asha aliyekusaidia kurekodi kaseti. Kaseti naiweka. Salma na Said wanakuamkia.

Na siku hiyo kwenye uwanja wa ndege utaniona nimesimama mbele ya watu wote, mzee mwenye masikio makubwa. Usije ukanipigia kelele. Watu wakijua mimi ni kiziwi wananipigia kelele, na midomo inaharibika siioni tena. Simama mbele yangu tu, nitazame, useme nami kama Baba amelala.

Nduguyo mkaidi,
Nassor