Noti Ndogo za Klarineti ya Pili

Jumanne, 4 Novemba 2025

Mwalimu Mbugua amepiga simu! Nilikuwa kwenye kibanda changu sokoni, pini mdomoni, napinda sketi ya shule. Karibu nizimeze. Ni miaka minane tangu nitoke kwenye bendi kumfuata mume wangu Wekulo Kitale, na mwaka mzima tangu turudi mtaa wa Umoja, na hajawahi kunitumia hata salamu. Leo ananiita "Millicent wangu". Wana tamasha tarehe ishirini na mbili, mchezaji mmoja amepata kazi Mombasa, wamepungukiwa na klarineti. Je, ningekubali kuja kama mgeni?

Mgeni. Kwenye bendi niliyoketi kiti cha kwanza miaka tisa!

Nimemwambia nitafikiria. Nikakata simu, nikafikiria kama dakika mbili hivi, nikampigia nikakubali. Klarineti ilikuwa juu ya kabati, chini ya mablanketi. Sauti ya kwanza iliyotoka ilikuwa ya bata. Wekulo akauliza kutoka jikoni kama niko salama. Ya pili ilikuwa afadhali.

Alhamisi, 6 Novemba

Mazoezi. Siku hizi wanajiita Mashariki Symphonic, eti "bendi" peke yake haitoshi. Watu arobaini na wawili, nusu siwajui. Oketch wa ngoma kubwa bado yupo na kitambi kimemzidi. Amenikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Nikaenda moja kwa moja kwenye kiti changu — mazoea! Cha kwanza kushoto, karibu na Mwalimu. Kilikuwa na mtu. Msichana wa sweta ya kijani. Akaruka akasimama: "Auntie Millie! Si ni mimi, Kageha!"

Kageha. Yule wa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben niliyemfundisha kushika klarineti akiwa na miaka kumi na mbili, vidole havifiki matundu ya chini. Sasa ana ishirini. Akaanza kukusanya karatasi zake anipishe. Mwalimu akasema, bila hata kuinua macho, Kageha kaa, Millicent ni klarineti ya pili.

Nikacheka. Nikasema mimi popote tu, bora muziki. Mashavu yaliniuma kwa kutabasamu.

Jumamosi, 8 Novemba

Tamasha linafunguliwa na kipande kipya alichoandika Mwalimu mwenyewe. Katikati bendi nzima inanyamaza. Ngoma kimya, tarumbeta kimya. Klarineti moja inaimba peke yake vipimo nane vya muziki, halafu wengine wanaingia polepole chini yake. Vipimo nane tu. Lakini kila atakayetoka ukumbini atatoka navyo.

Ni vya Kageha.

Kwenye karatasi yangu pia vipo — ila vimeandikwa kwa noti ndogo, ndogo kama mbegu za mchicha. Ndiyo desturi. Noti ndogo ni za akiba. Sizichezi. Nazifuata kwa macho tu, nijue tumefika wapi. Na Mwalimu ana sheria yake ya tangu zamani: kimya kikizidi kipimo kimoja, mwenye noti ndogo aingie. Haombi ruhusa, hamtazami mtu.

Enzi zangu sikuwahi hata mara moja kumwachia mwenye noti ndogo nafasi. Alikuwa Tobias, maskini. Miaka tisa akizitazama! Sijawahi kumfikiria Tobias mpaka leo.

Jumapili, 9 Novemba

Mahubiri kuhusu shukrani. Sikusikia nusu yake. Nilikuwa nachezesha vidole juu ya Biblia, vipimo nane.

Nina wivu. Basi, nimeandika. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, anamwonea wivu mtoto aliyemfundisha kupangusa mate kwenye klarineti.

Jumatano, 12 Novemba

Jana Wekulo alikuja kunichukua mazoezini. Alifika mapema, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi. Njiani sikumuuliza kitu. Nilingoja. Tukapita kwa muuza mahindi, tukapita kwa fundi viatu. Mwishowe akasema, "Huyo msichana wa mbele, aisee. Ana kitu."

Nikamwuliza, na mimi?

"Wewe si uko nyuma? Huko nyuma mko wengi, mtu hatofautishi."

Leo asubuhi anaoga, anapiga mluzi. Nikasikiliza. Ni ile solo! Na si tu noti — anaipiga vile Kageha anavyoipiga, na ile pumzi ya kipimo cha tano, mahali ambapo mtu mwingine yeyote angeunganisha. Ndani ya bafu langu! Nimegonga mlango nikamwambia maji ni ya mtungi, si ya mto, amalize atoke.

Amekunywa chai bila kujua kosa lake. Nami singeweza kumwambia.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo! Leo lazima niandike polepole.

Kageha alichelewa. Mama yake anafanya kibarua kiwandani, na Jumamosi Kageha ndiye anabaki na wadogo zake mpaka jirani arudi. Mwalimu alikasirika, akasema tunaanza. Tukaenda, tukaenda, tukafika pale. Bendi ikanyamaza. Kiti cha kwanza kitupu. Nikahesabu kipimo kimoja cha kimya. Nikaingia.

Sijui hizo pumzi nilizitoa wapi. Sauti yangu ilitoka nene, ya zamani, ile ile. Nilisahau sketi za shule, nikasahau Kitale na ile miaka yote ya kusema "nitairudia mwaka ujao". Kwenye bendi mikono inakuwa na kazi, hatuwezi kupiga makofi, kwa hivyo tunapiga miguu sakafuni. Walinipigia miguu! Oketch alipiga mpaka vumbi likainuka. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Mara mbili.

Basi hapo ndipo mlango ukafunguka. Kageha, jasho, pole Mwalimu, pole kila mtu. Akakaa. Mwalimu akasema turudie kuanzia pale pale.

Akacheza vile vipimo nane.

Hawakupiga miguu. Tulicheza hadi mwisho, na kipande kilipoisha watu walikuwa hawajui watazame wapi. Mzee mzima wa tuba, lile baragumu kubwa, alikuwa anafuta miwani.

Heri wangempigia miguu.

Jumatatu, 17 Novemba

Kageha amekuja kibandani. Ameleta ndizi mbivu sita kwenye karatasi, akaketi juu ya marobota ya kitambaa, akapakata klarineti yake. Klarineti ya bendi, kwa kweli — yeye hana yake. Mimi nina yangu.

"Auntie, nisikize hapa. Kipimo cha tano. Mi naskia kama hiyo pumzi inakata wimbo. Ama ni mimi tu?"

Akacheza hapo hapo, katikati ya sketi na cherehani. Mama wa mboga jirani aliacha kupima sukuma. Pumzi ilikuwa sawa kabisa. Ndiyo inayofanya solo iwe solo. Hata mimi Jumamosi sikuiweka, na nikisema ukweli, ndiyo maana hakuna aliyefuta miwani.

Nikamwambia, "Ndiyo, inakata. Iunganishe."

Akashika mkono wangu. "Nilijua utaniambia ukweli. Wale wengine wananipamba tu. Ni wewe ulinifunza, auntie."

Ndizi nimewapa majirani.

Alhamisi, 20 Novemba

Mazoezi ya mwisho. Kageha akaunganisha. Mwalimu akasimamisha bendi papo hapo, akamwuliza ni nani amemharibia solo. Kageha akasema ni yeye, alikuwa anajaribu kitu tu. Hakunitazama hata kidogo.

Amerudisha pumzi. Iko pale pale, nzuri kuliko mwanzo.

Kwa nini hakunitaja? Ningemchukia kwa raha kama angenitaja.

Karatasi za programu zimefika. Jina lake liko ukurasa wa mbele, peke yake, chini ya jina la Mwalimu. Mimi niko ukurasa wa nyuma na kinyota: mchezaji mgeni.

Jumamosi, 22 Novemba

Saa nane na dakika kumi mchana. Naandika chumba cha nyuma ya jukwaa, daftari gotini. Ukumbi ni wa Buruburu, mkubwa, viti vya plastiki vyeupe mpaka mlangoni. Tunaanza saa tisa kamili. Kipande cha Mwalimu ndicho cha kwanza.

Nimechungulia pazia. Wekulo yuko safu ya tatu, na shati nililompigia pasi. Kando yake mama mwembamba wa gauni la kanisa na kitambaa cheupe kichwani. Mama Kageha! Ameomba ruhusa kiwandani. Hajawahi kumsikia mtoto wake akicheza mbele za watu, Jumamosi zake zote ni za zamu. Wekulo anamwonyesha kwa kidole mahali Kageha atakapoketi. Nikangoja aonyeshe na pangu. Akafungua soda.

Oketch amepita na kiondo kukusanya simu za wachezaji. Amri ya Mwalimu, tangu siku simu ya mtu ilipolia katikati ya tamasha. Zote zinazimwa na kutiwa ndani. Mimi akaniruka. "Wewe mgeni wetu bwana, baki na yako." Nimeondoa mlio tu.

Saa nane na nusu. Kageha haonekani. Klarineti yake iko juu ya kiti, imeunganishwa tayari. Oketch anasema alitoka kupunga hewa kabla simu hazijakusanywa.

Saa nane na dakika arobaini. Simu imetetemeka. Kageha, anahema. Alitoka kwa geti la nyuma kununua maji, mgeni rasmi akafika, askari wakafunga geti. Hawamjui, hawataki kusikia habari ya bendi. "Auntie, kila simu nikipiga imezimwa, ni yako tu inaingia. Nizunguke huko mbele, ama?"

Kuzunguka mbele, ukikimbia, ni dakika kumi. Angefika.

Nikasema, "Kaa hapo hapo. Usizunguke, mtapishana. Namwambia Mwalimu sasa hivi atume mtu afungue."

"Asante auntie. Asante sana."

Nilikuwa namaanisha. Naapa nilikuwa namaanisha! Nikasimama nimwendee Mwalimu, alikuwa mlangoni, hatua nne. Akageuka kabla sijafungua mdomo. "Millicent, umemwona Kageha?"

Nikasema sijamwona.

Akajifuta shingo kwa leso. Akasema basi uwe tayari.

Nikarudi nikaketi. Si uongo, sijamwona.

Saa nane na dakika hamsini. Bado naweza kusema. Mwalimu amepita mbele yangu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anaongea na watu wa vipaza sauti. Mara ya pili alikuwa peke yake.

Hataki kuniacha yule mama wa safu ya tatu. Nimechungulia tena. Ameketi wima kabisa, mikono juu ya mkoba, kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu.

Saa tisa kasoro dakika tano. Tumeambiwa tupange mstari. Mwalimu ameinua klarineti ya Kageha kutoka kitini, ameilaza juu ya meza, taratibu. Ameniambia niketi kiti cha kwanza, anione vizuri. Watu wa klarineti wamenipisha. Mmoja amenigusa bega. Oketch amenionyesha dole gumba.

Ridi ya klarineti, kile kijiti chembamba cha kupulizia, haiimbi ikiwa kavu. Lazima ilowe mdomoni kwanza. Yangu nimeshaiweka, naandika huku nimeibana kwa midomo. Siwezi kuongea hata nikitaka. Naweza kuitoa. Ni kuitoa tu.

Simu imetetemeka tena. Ujumbe:

"Auntie bado niko hapa kwa geti. Sijatoka, vile umesema."