Sauti ya Mbaraka kwenye simu za watu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mbalamwezi, taa za wavuvi hazivuti kitu. Mitumbwi haitoki, ndagala, dagaa wetu, hakuna, vichanja vya kuanikia vitupu. Wanawake wote tumekaa na simu. Mara namsikia Mbaraka anaimba! Moyo ulinipasuka, nikageuka. Kumbe ni simu ya jirani.

Ni ule wimbo alionitumia wakati wa uchumba, kwa sauti ya WhatsApp. “Nikikukosa, chakula chanikwama kooni.” Wifi yangu Aziza ndiye aliyeutoa. Nilimrushia mwenyewe zamani, ati aliutunza miaka yote hii, sasa kauweka Tiktok na picha za ziwa. Kwamba kaka yake kaniacha na watoto watatu, mwaka wa pili huu, yuko Kigoma na mke mwingine — hilo hakuliandika.

Chakula kumkwama! Mbaraka? Alikuwa anakomba sufuria.

Jumatano, 8 Oktoba

Umeenea kama upele. Stetasi zote. Aliyeachwa anauweka, bibi harusi wa kijiji cha Kizuka anauweka. Mwalimu Agneta kaweka picha ya marehemu mama yake, na wimbo huo huo. Hapo nililia. Si kwa ajili ya Mbaraka. Au sijui.

Sokoni mteja wa Nyanza-Lac, hanijui, ananiambia mwanamke aliyeimbiwa vile ana bahati. Nikampimia ndagala wake, wale wakavu waliobaki wiki iliyopita.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimechoka jamani.

Aziza kaandika jina langu! “Huyu ndiye Tahira aliyeimbiwa, kaka anataka kumrudia.” Ati Mbaraka kausikia wimbo huko Kigoma, umemgusa. Wimbo wake mwenyewe! Na watu wanajibu, Bujumbura, Uvira, kote: msamehe, msamehe. Hakuna anayeuliza watoto walikula nini.

Mke wake wa Kigoma naye kauweka, na ile emoji inayolia. Nilimwonea huruma. Anadhani kaimbiwa yeye.

Jioni mama yangu kaja. “Mwanangu, mutu mwenye kuimba vile, roho yake iko kwako tu.” Nikamwambia, mama, aliimba miaka kumi iliyopita. Akasema watu wote hawa hawawezi kukosea.

Sitaki arudi. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia. Sitaki.

Jumapili, 12 Oktoba

Yuko nje! Aziza kamleta. Naandika haraka.

Nimechungulia. Amenenepa. Ua umejaa — majirani, mashemeji, watu nisiowajua, simu zote juu. Kaanza kuimba. Sauti imechakaa lakini ni yeye. Ubeti wa pili kausahau, umati unamkumbusha! Nimecheka peke yangu humu ndani kama kichaa.

Mama ameshika komeo. “Tahira, nifungue? Batu banangoja.”

Nimemwambia asubiri kidogo. Nilitaka kumwambia hapana, ikatoka subiri. Wanaimba wote sasa, hata watoto wangu nawasikia.

Nimejiona kwenye kioo. Jicho moja nimeshalipaka wanja. Kwa nani, Tahira?

Mama anauliza tena.