Kufuli la Kisima

Jumanne jioni

Na jibu lenyewe lilikuwa sahihi, ndiyo maana linanikera hadi sasa.

Nilikuwa nawafundisha Kidato cha Pili bidhaa za umma, za pamoja na za mtu binafsi. Jiulizeni maswali mawili tu, niliwaambia: unaweza kumzuia mtu asiitumie? Na mmoja akitumia, inampungukia mwingine? Nikaomba mfano.

Akoth, binti wa jirani yangu, akasimama. "Kisima chako, Mwalimu. Kilikuwa cha pamoja. Tangu Jumapili kiko na kufuli, sasa ni cha mtu binafsi."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia vizuri, keti.

Kufuli nililinunua mjini Migori kwa sababu ya woga. Mvua imekawia, kamba tumeiunga mara mbili, na ndoo inapanda nusu tu. Maji yakiisha, wanangu watakunywa nini? Kisima kiko kwangu, saruji nilinunua mimi. Lakini udongo wote wa shimo lile ulitolewa na majirani. Mama Akoth alibeba karai akiwa na mimba ya huyu huyu Akoth. Hilo nitaliweka kundi gani?

Tangu Jumapili Mama Akoth hajaja kuteka. Hajanilaumu pia.

Kipindi kilipoisha nilipita karibu na dawati la Akoth. Maji kwenye chupa yake yalikuwa na rangi ya chai. Huku kwetu maji ya rangi hiyo yako mtoni tu, chini ya pale wachimba dhahabu wanapooshea mchanga wao kwa zebaki.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.