Bakuli la Katikati

Jumatatu, 26 Februari 2024
Sindano ya kumi na moja. Saa moja asubuhi, tumboni, kushoto. Wekundu kidogo, umeisha kabla ya chai. Vidonge kama kawaida.
Daktari alishanieleza: dawa hii ya sindano, peptidi, haiui virusi vya ini. Inaamsha askari wa mwili waliosinzia. Basi waamke.

Alhamisi, 29 Februari
Ya kumi na mbili, kulia. Mama mkwe amezifunga chupa zangu za dawa kwenye mfuko mweusi ndani ya friji, kama samaki aliyeoza. Nimezitoa.
Jioni nimekuta nimetengewa kisahani changu peke yangu cha sosi ya samaki. Wengine wanachovya pamoja kwenye bakuli la katikati, kama siku zote. Nikauliza kwa nini. Mama mkwe akasema: "Mwanangu, mtu mwenye afya hachomwi sindano mara mbili kwa wiki." Khoát, mume wangu, akatazama wali wake.

Jumamosi, 9 Machi
Majibu ya vipimo vya familia — Mama mkwe, Khoát, wifi yangu Thoan. Hakuna mwenye virusi. Na mimi ninavyo tangu kuzaliwa, miaka tisa ya ndoa nachovya nao! Sindano haikuleta ugonjwa nyumbani. Imeutoa mafichoni tu.
Nimebandika karatasi ya majibu kwenye friji. Mama amesoma yote, akasema karatasi ni ya hospitali, meza ni yake.

Jumatano, 13 Machi
Kesho kumbukumbu ya kifo cha baba mkwe. Mke wa mtoto mkubwa ndiye hupika, na ndiye mimi. Mama anataka mwaka huu apike Thoan.
Thoan kanijia jikoni: "Wifi, mimi hata wali wa mvuke hunishinda. Marehemu atafufuka kulalamika." Nikampa vitunguu avimenye. Napika mimi.
Khoát anasema niache yaishe, ni kisahani tu. Basi akitumie yeye.

Alhamisi, 14 Machi
Ya kumi na sita. Sikujificha chooni — nimejichoma sebuleni, mashangazi wawili wakitazama. Mmoja akauliza kama inauma. Nikasema maneno yanauma zaidi.
Kuku, wali wa kunata, supu ya machipukizi ya mianzi. Uvumba wa marehemu ulipoteketea tukakaa mezani. Kisahani kilikuwa kinaningoja. Nimekirudisha kabatini mbele ya wote, nikakaa, nikachovya kuku wangu katikati.
Vijiti vya kulia vikasimama. Mama akainuka na bakuli, akaja huku jikoni, akamwaga sosi yote. Nikamfuata. "Mama, ukinitengea kisahani tena, mwakani wageni watapikiwa na Thoan."
Naandika nimesimama, daftari juu ya friji. Huko mezani kuku anapoa. Mama amekamua ndimu, ameponda kitunguu saumu. Ameniuliza bila kugeuka: pilipili ngapi? Nimesema mbili. Amezikata mbili.
Sasa bakuli limejaa. Hajalibeba. Mkono wake uko kwenye mlango wa kabati, kilipo kisahani.