Swali la Wivu

Baba Mapacha mpenzi,

Sisi wazima. Mapacha wanaota meno, na cherehani imepata mkanda mpya, kelele zimekwisha.

Jana alipita dada mmoja mtafiti, anauliza mafundi wa mtaa huu kuhusu tabia zao. Akaniuliza kama nimewahi kumwonea mtu wivu. Nikajibu, "Sijawahi, hata siku moja." Dada yako alikuwa anapiga pasi pembeni, alicheka mpaka akaunguza kola ya mteja. Mtafiti naye akatabasamu. Akasema swali lile ni la mtego: kila mtu ana wivu kidogo, kwa hiyo anayesema hajawahi kabisa, wanajua anaficha. Mkweli husema, "Mara mojamoja."

Nikaona haya, nikacheka nao. Alipoondoka ndipo nikakumbuka Jumapili, nilipokuuliza kwenye simu kama huwa unamtazama yule binti wa mapokezi, hapo hotelini unapopika, yule anayepokea simu yako kama yake.

Ulinijibu hujawahi, hata siku moja.

Ungesema mara mojamoja, mume wangu, ningelala.

Mkeo, bado mkeo,
Mama Mapacha