Betri Iliyomuunguza Mama

Kambi ya Nakivale,
Isingiro, Uganda.
14 Novemba 2024

Mpendwa Yaya Georgette, dada yetu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. U hali gani huko Australia, wewe na shemeji Bienfait? Mgongo wako umepoa? Sisi huku tupo. Mtoto wetu Inès ameota meno mawili. Hilo ndilo jema nililo nalo, nimeliweka mbele.

Pasta alikupigia simu akakwambia Mama Kantengwa ametutoka, na kwamba ni pumu. Alisema hivyo kwa huruma. Lakini Mama ni mzazi wako, na mimi mke wa ndugu yako Gad nimeona si haki uomboleze jambo usilolijua.

Ile mashine ya betri ya kutoboa mbao uliyomtumia Gad imetulisha sana: vitanda, milango, hata majeneza ya jirani. Pumu ya Mama ilipozidi, alipewa mashine ndogo ya kuvutia mvuke wa dawa, na kwetu umeme haufiki. Gad akatengeneza nyaya, betri ya kutobolea ikawa inaiendesha. Kwanza betri ilijazwa kwa sola, kisha ikachomolewa ndipo imhudumie Mama. Hakuchanganya hayo mawili. Alisema betri ikijazwa huku inatumika, inachemka.

Mwezi wa kumi mawingu yalikaa siku nyingi na betri haikujaa. Asubuhi moja Mama akabanwa mpaka midomo ikawa kama majivu. Gad akaunganisha vyote pamoja, waya wa sola na waya wa mashine. Mama akaanza kupata pumzi. Gad akaigusa betri.

“Mama, hii iko na moto mingi. Nizime kidogo.”

“Usizime, mwana yangu. Acha nipumue kwanza.”

Nilikuwa mlangoni, Inès mgongoni. Gad alinitazama, akaiacha mashine iendelee. Mara jua likatoka kali. Akakimbia nje afunike sola kwa turubai, lakini betri ikapasuka kabla hajafika, moto ukadaka chandarua. Alirudi ndani, akamtoa Mama kwa mikono yake, chandarua kikiyeyuka vidoleni.

Mama alilala hospitali Mbarara juma moja. Hakumlaumu mtu. Kila nilipoingia aliuliza kama Gad amekula. Alikufa Jumapili, nikiwa nimemshika mguu, maana ndio uliokuwa mzima. Gad alikuwa wodi nyingine, amekatwa vidole vitatu vya mkono wa kuume.

Jeneza alilitengeneza Nicodème, fundi mwenzake. Gad alisimama pembeni, mikono imefungwa bandeji, akasema, “Huo ubao wa chini haukukaa sawa.” Nicodème akachukua nyundo. Aliung'oa, akaupigilia upya.

Sasa ujue kwa nini hapokei simu zako. Anasema, “Georgette alinipa chombo, nikamchoma nacho mama yake.” Hataki nimlishe mbele za watu, ndiyo maana hali chakula. Juzi alitoka peke yake kuelekea ziwani. Nicodème alimfuata nyuma mpaka akageuka. Ninaogopa, Yaya.

Wewe usijilaumu kwa zawadi yako. Wala usitume nyingine. Nakuomba kitu kimoja: rekodi sauti yako, uitume kwenye simu yangu, nami nitaiweka sikioni mwake, apende asipende. Kama una hasira, na ni haki yako, itoe kwanza kwa machozi huko huko mpaka iishe. Kisha umwite ndugu yako kwa jina lake.

Msalimie sana shemeji Bienfait na watoto. Nicodème na kina mama wa kwaya wanakupa pole. Mungu akushike mkono huko ugenini, akufute machozi ambayo sisi hatuwezi kuyafikia.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,

Pascaline